Msoma Mizani na Tableti ya Meneja

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeonewa. Naanza shajara hii ili siku watu watakapouliza nani alileta mageuzi katika ofisi yetu ya kusafirisha vifurushi, jibu liwe limeandikwa. Tena kwa mkono wangu. Nikiwaachia wengine waandike, najua watamwandika Bi Daftari.

Kazi yetu ni hivi. Mteja analeta kifurushi, kinawekwa juu ya mizani. Mimi nasimama mbele ya mizani, nasubiri namba nyekundu ziache kuchezacheza, kisha natangaza: "Kilo saba na nusu! Imetulia!" Upande wa pili wa kaunta amekaa mwanamke niliyempa jina la Bi Daftari, kwa sababu daftari lake haliachi hata akienda kunawa mikono. Yeye anarudia namba, anaiandika, na pembeni anaandika jina la mteja na kifurushi kinakokwenda. Miaka kumi na moja natangaza. Sauti yangu inasikika hadi barabarani. Bila mimi hakuna kilo katika jengo lile.

Na anavyorudia! Anarudia kwa kuuliza. "Saba na nusu?" Utadhani namba nimeiokota njiani. Leo amefanya hivyo asubuhi nzima, na wateja wawili wamegeuka kunitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye matatizo.

Kabla ya kufungua milango meneja alitukusanya. Akasema foleni imekuwa ndefu mno, wateja wanatukimbia, na Jumamosi atamteua msimamizi wa ukumbi: yule atakayeleta wazo zuri la kuipunguza. Ukumbini tuko wawili tu. Mimi na yeye. Nikamtupia jicho Bi Daftari. Alikuwa anachonga penseli, hana habari.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba usimamizi nimeupata. Si uongo. Ni habari iliyotangulia siku zake. Kabla sijavua kiatu cha pili alikuwa ameshampigia mama yake, na mama mkwe naye ameshawaambia dada zake watatu. Sasa sina pa kurudi nyuma. Lazima niupate.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata wazo! Limenijia nikiwa chini ya kaunta natafuta kifuniko cha kalamu. Nyuma ya kile kisanduku cha namba nyekundu kuna mahali pa kuchomeka waya, pana pini tisa, na hapajaguswa tangu mizani inunuliwe. Ndani yake kulikuwa na mende aliyekufa akakauka. Maana yake mizani inaweza kuongea na mashine nyingine. Na meneja ana tableti (yeye anaiita kishikwambi, anapenda kuonekana msomi) aliyopewa kwenye semina, ambayo tangu siku hiyo anaitumia kuwekea kikombe.

Hesabu ni rahisi. Mizani ikiongea na tableti moja kwa moja, uzito unajiandika. Uzito ukijiandika, mwandishi ni wa nini? Simtaji mtu. Nilicheka kule chini mpaka nikagonga kichwa.

Meneja alinisikiliza dakika nzima, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akaondoa kikombe, akaifuta tableti kwa ncha ya tai yake, akanikabidhi. Bi Daftari akauliza kama kuna la kunisaidia. Nikamwambia haya ni mambo ya kitaalamu.

Mchana nikaenda duka la vifaa vya umeme. Nikanunua waya: upande mmoja una kichwa cha matundu tisa, upande wa pili una kichwa cha USB. Cha USB hakiingii kwenye tableti. Nikanunua na kipande cha kuunganishia. Kikaingia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama saa nzima, nimekaza skrubu mbili kwa kucha, magoti yamekuwa meupe kwa vumbi. Nikainuka. Kimya! Mizani inawaka, tableti inawaka, hazijuani kabisa.

Hakuna budi, aitwe shemeji. Huyu ni kaka wa mke wangu, fundi simu. Siku ya harusi yetu niliwahi kumwambia mbele ya watu kwamba kazi ya bisibisi haina maisha. Nimemtuma mke wangu aende kumwomba.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji alifika kabla ofisi haijafunguliwa, na tabasamu ambalo sitalisahau. Alikitazama kipande changu cha kuunganishia, akasema si chenyewe. Kwa maelezo yake, vitu viwili vikikutana kwenye waya wa USB lazima kimoja kiwe mwenyeji na kingine mgeni. Tableti imezoea ugeni: kwa chaja ni mgeni, kwa kompyuta ni mgeni. Na waya wa mizani nao ni mgeni. Kwa hiyo jana yote walikuwa wamekaa sebuleni, kila mmoja anasubiri akaribishwe. Akatoa mfukoni kipande kingine, kifupi, cha kuiarifu tableti kwamba leo nyumba ni yake. Akaweka na programu ya kusomea.

Tableti ikauliza kama programu hiyo iruhusiwe kutumia kifaa kilichochomekwa. Nikabonyeza "Kataa". Mambo ya ruhusa mimi huyakataa kwanza, ndiyo maana sijawahi kutapeliwa. Shemeji akachomoa waya, akauchomeka upya, akabonyeza mwenyewe. Alivyonyamaza ndivyo alivyonitukana.

Ikaongea! Lakini iliongea nini? Niliweka kifurushi cha kilo mbili, na kwenye kioo zikatokea alama za kuuliza, visanduku vitupu, na herufi moja yenye nukta mbili kichwani. Shemeji alikuwa ameshakwenda kufungua kibanda chake. Wateja wakaingia. Bi Daftari akaniuliza, kwa ule upole wake wa kuudhi, aandike kilo ngapi. Nikamjibu kwamba mashine inasafisha koo.

Saa nne na robo tableti ikazimika. Chaji imekwisha! Nikakimbilia chaja, na nini tena? Tundu la kuchajia ni lile lile moja, na limekaliwa na waya wa mizani. Nikampigia shemeji. Akasema ndiyo, mwenyeji ndiye anayemlisha mgeni, waya ule unakula umeme wa tableti. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakumaliza hata asubuhi moja na ameshakomba chungu! Shemeji anasema kipo kipande cha njia mbili, kinachochaji na kuunganisha kwa wakati mmoja. Sasa kwa nini hakuja nacho? Anasema sikuuliza. Huu ndio ukoo niliooa.

Nimerudi kutangaza kwa mdomo hadi jioni. "Tatu na robo?" anasema Bi Daftari. Tatu na robo, ndiyo!

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi ushindi, mchana balaa.

Shemeji alipita na kipande cha njia mbili, na yale maandishi ya ajabu akayamaliza kabla sijavuta kiti. Mizani inaongea kwa kasi ya alama elfu tisa mia sita kwa sekunde, na tableti ilikuwa inasikiliza kwa nusu ya kasi hiyo, ndiyo maana ilikuwa inaambulia takataka. Alibadilisha namba moja tu kwenye mipangilio. Kilo zikatoka safi, na nukta mahali pake. Nilimkumbatia kabla sijakumbuka kwamba nimemnunia.

Saa tatu nikawatangazia wateja kwamba kuanzia leo kilo hazitajwi, zinajiandika. Nikakunja mikono nikasimama kando. Nikamwambia Bi Daftari apumzishe mkono wake. Hakuupumzisha.

Mteja wa kwanza alikuwa bwana mmoja mwenye mwili wake, ameleta bahasha. Bahasha! Ndani kuna barua. Akaiweka, kisha akaegemea mizani kwa tumbo ili aone kinachoandikwa. Tableti ikaandika kilo arobaini na moja. Alichosema yule bwana sitakiandika humu. Wa pili akabwaga sanduku kwa kishindo: namba ikaruka hadi sitini, ikaporomoka, ikapanda tena, na tableti ikaing'ang'ania sitini. Wa tatu, mama mmoja mpole, alilitua lake taratibu mno, na kabla hajaliachia tableti ikampa gramu mia mbili. Sanduku la vyombo vya udongo, gramu mia mbili!

Tableti haisubiri. Inadaka namba ya kwanza inayopita. Nikawa napiga kelele: toa kiwiko, toa mkoba, baba rudisha tumbo nyuma! Foleni ikatoka mlangoni, ikapinda kona, ikafika kwa muuza viatu, naye akaja kulalamika kwamba wateja wake hawapati pa kupita.

Na Bi Daftari je? Muda wote huo alikuwa anazichungulia namba nyekundu kutoka kwenye kiti chake, anangoja zitulie, anaandika. Kimya kimya. Meneja alipotoka kuuliza kelele ni za nini, daftari lilikuwa na uzito sahihi wa kila mtu. Akamwambia meneja kwamba tuko kwenye majaribio na kazi inakwenda. Amenistiri mbele ya meneja! Nani alimtuma? Mtu anayekuficha aibu bila kuombwa ana lake jambo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeshinda! Yaani, tumeshinda, lakini wazo ni langu.

Wakati wa mapumziko ya mchana shemeji alikaa ukumbini akasoma kila kitu kinachotumwa na mizani, mstari kwa mstari. Kumbe kila namba inatanguliwa na herufi mbili. Namba ikiwa bado inayumba, zinakuja herufi mbili za kusema bado. Ikitulia, zinakuja mbili nyingine za kusema tayari. Kilichobaki ni kuiambia programu isiandike kitu mpaka ione zile za tayari. Akaiambia. Tukaweka bahasha, mimi nikawa naigongagonga kwa kidole. Tableti ikangoja. Nikaacha kugonga. Ikaandika gramu arobaini.

Herufi mbili! Miaka kumi na moja nasema "imetulia", kumbe mizani yenyewe inasema hivyo kila sekunde, ila hapakuwa na wa kuisikia. Nilimweleza shemeji jambo hili kama kichekesho. Hakucheka. Alinitazama, akazungusha bisibisi vidoleni, akaniuliza taratibu, "Shemeji, una hakika unataka meneja aione hii?" Wivu huo. Mtu akimwona mwenzake anapanda, roho inamuuma.

Jioni nimemwandikia meneja barua, ukurasa mmoja na nusu. Sentensi ninayoipenda kuliko zote ni hii: "Mfumo huu unaondoa kabisa haja ya mmoja kati ya watumishi wawili wa ukumbini, na napendekeza mtumishi huyo aondolewe mara moja, bila kuonewa haya kwa sababu ya kukaa kwake kazini miaka mingi." Bi Daftari sikumtaja. Mimi ni muungwana.

Mke wangu aliisoma mara mbili. Akaniuliza, mizani ikijisoma yenyewe, wewe utakuwa unasoma nini? Nikamwambia msimamizi hasomi, anasimamia. Akauliza tena, majina ya wateja na mahali vifurushi vinakokwenda ataandika nani, maana mizani haijui jina la mtu. Nikamwambia asinichanganye na mambo madogo madogo. Tangu hapo anakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeporwa! Mchana kweupe, tena kwa makofi.

Onyesho lilikwenda vizuri mno. Alikuwapo meneja, alikuwapo shemeji, wateja walijaa, hata muuza viatu alifunga duka akaja. Yule bwana wa bahasha alirudi, safari hii kasimama hatua mbili nyuma ya mizani na mikono mgongoni. Kifurushi kinawekwa, tableti inangoja, inaandika. Kingine. Kingine. Hakuna kosa hata moja. Foleni ya nusu saa iliisha kwa dakika saba. Nilikuwa nimevaa shati jipya.

Kisha meneja akaitoa barua yangu, akaisoma kwa sauti mbele ya wote. Alipofika kwenye ile sentensi alisimama, akairudia. Akasema katika utumishi wake wote hajaona mfanyakazi anayetanguliza ofisi mbele ya tumbo lake. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Akasema wengi huleta mawazo ya kuondoa kazi za wenzao, lakini ni nani amewahi kuandika barua ya kuondoa kazi yake mwenyewe? Nikaendelea kuinamisha kichwa. Halafu nikakiinua.

Msoma mizani, meneja akaendelea, sasa hahitajiki, na ni yeye mwenyewe aliyetuambia. Lakini kuandika majina na anwani, kuzungumza na wateja wanaobishana, kuangalia tableti isiishiwe chaji, hayo yanataka mtu makini. Msimamizi wa ukumbi ni Bi Daftari. Makofi! Hata bwana wa bahasha alipiga makofi, na juzi tu alitaka kuitupa mizani barabarani. Nikasema pametokea kutoelewana. Meneja akanionyesha sahihi yangu chini ya barua. Nilikuwa nimeipigia mstari.

Akanichukua pembeni akasema tutaonana mwisho wa kazi. Mwisho wa kazi akaniambia Jumatatu nianze kwenye lango la magari, kuinua kizuizi na kukishusha. Nilipokuwa natoka Bi Daftari alinipa mkono. Niliupokea kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Furaha hiyo!

Mke wangu anasema nimejipalia makaa. Si kweli. Nimepaliwa.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe amekuja na dada zake watatu kunipongeza. Wamevalia nguo za kutokea, wamebeba na zawadi, saa ya ukutani ya ofisi. Ofisi gani? Mke wangu alinitazama kwa jicho la kusema leo utasema mwenyewe. Nikasema nimepewa lango. Nikafafanua kwamba hakuna gari litakaloingia wala kutoka bila mkono wangu. Mama mkwe akasema lango hapewi mtu wa hivi hivi, na dada zake wakaitikia. Shemeji, aliyekuwa pembeni na kikombe chake cha chai, akakohoa. Nikangoja atoboe siri yangu. Hakuitoboa. Alisema tu kwamba bila mimi ule mfumo usingekuwapo, na hilo ni kweli.

Walipoondoka mke wangu alinikalisha. Jana, shemeji akiwa anakusanya nyaya zake, alimsikia meneja akimwambia Bi Daftari kwamba hana kazi nyingine ya kunipa, kwa hiyo nitarudi nyumbani. Bi Daftari akamjibu kwamba mimi nikitoka, na yeye usimamizi hautaki. Akatoa ufunguo wa droo ya msimamizi aliokuwa amekabidhiwa, akauweka mezani. Ndipo meneja alipokumbuka kwamba kuna lango.

Tuna watoto wawili na mshahara mmoja. Niliona aibu, aibu ya kweli, nikakaa kitandani na saa ya ukutani mapajani, sina pa kuitundika. Nilifikiri nimwandikie barua ya kumshukuru.

Kisha nikafikiri vizuri zaidi. Nani alimwomba? Sasa kila asubuhi nimwone anapita pale langoni akijua mshahara wangu uko pale kwa hisani yake? Hana hata gari! Ataingia kwa miguu, kwa ule mlango mdogo wa pembeni, na mimi hata nafasi ya kumcheleweshea kizuizi sina.

Jumatatu, 11 Machi

Langoni. Jua kali. Kiti cha plastiki, mguu mmoja mfupi, ukikaa unaegemea upande wa barabara bila kupenda.

Kizuizi ni bomba refu la chuma lenye jiwe limefungwa upande mmoja. Gari likija, nabonyeza upande wa jiwe, bomba linapanda. Likipita, naachia. Tangu asubuhi yamepita magari manne. Dereva wa tatu hakunisalimu.

Saa nne Bi Daftari alinijia na chupa ya chai. Akasema ukumbi umepooza bila sauti yangu, wateja wa siku nyingi wananiulizia, na kama nitapenda atamwomba meneja nirudi ndani taratibu, kwenye kufunga vifurushi. Hana haya. Anataka kunitoa kwenye lango langu siku ya kwanza tu! Nikamjibu kwamba huku nina shughuli nyingi. Tukatazama barabara wote wawili. Hapakuwa na gari.

Alipoondoka nikaanza kuchunguza. Kwenye nguzo ya kizuizi kuna sanduku la chuma lililofungwa kwa waya. Nikalifungua. Ndani kuna mota nzima, bado imefunikwa nailoni, imewekwa na waliojenga lango na haijawahi kuwashwa. Ubavuni ina mahali pa kuchomeka waya. Nimempigia shemeji, akakata simu. Nimempigia tena, akakata tena. Atakubali tu, nitamtuma dada yake.

Barua kwa meneja nimeshaianza, nimeiandikia gotini. Nimemweleza kwamba mota hii ikiunganishwa na tableti, kizuizi kitapanda na kushuka chenyewe kutwa nzima, na ofisi haitakuwa na sababu ya kuendelea kumlipa mtu wa kukaa hapa nje. Kesho naipeleka mapema kabisa, kabla Bi Daftari hajaliona hili sanduku akaniibia wazo.